Toleo Linalosema

Kompyuta ya dada ilikata roho asubuhi ya siku ya mtihani, tena bila kuaga. Iliwaka, ikapiga kimuziki chake cha kukaribisha wageni, ikazima. Ikawaka tena, kimuziki, ikazima. Dada alikuwa amekaa mbele yake kwenye meza ya chakula, vidole juu ya kibodi, kichwa kakiinamisha upande kama mtu anayesikiliza ugomvi wa majirani. Aliivumilia kwa muda, kisha akaita bila kugeuka.

"Mdomo!"

Hilo ndilo jina langu hapa nyumbani. Lile jingine liko kwenye cheti cha kidato cha nne, na huko limetulia, halisumbuliwi na mtu.

"Naam, dada."

"Ile Linux uliyosema utanichagulia, umeshaichagua?"

Nilikuwa na mswaki mdomoni. Niliuacha humo humo ili nipate sababu ya kutojibu vizuri.

"Mmh... tuko hatua za mwisho."

"Basi zimalize. Hii imekufa."

Hizo hatua za mwisho zilikuwa zimetuchukua wiki nzima, mimi na rafiki yangu tunayemwita Bwana Amri. Taabu ya Linux, huo mfumo wa kuendeshea kompyuta, ni kwamba haiko moja. Injini ni ile ile, lakini kila kundi la watu limeiundia bodi yake, likaipaka rangi yake, likaibatiza jina lake. Na kwa kuwa ni ya bure, huwezi hata kusingizia mfuko. Unabaki wewe na akili yako. Mimi nilitaka Mint, maana nilipenda jinsi menyu yake ilivyokaa. Bwana Amri alitaka Arch, ambayo unaijenga mwenyewe kipande kwa kipande, kwa sababu Bwana Amri akienda kununua kiti angependa auziwe mti. Tulilinganisha rangi. Tulilinganisha vivuli vya madirisha. Siku moja tulikaribia kushikana mashati kwa ajili ya picha ya kuweka nyuma ya skrini: yeye alitaka milima, mimi maporomoko ya maji. Nikashinda.

Pengine hapa ndipo pa kusema kwamba dada haoni. Tangu utotoni haoni, hata mwanga wa tochi.

Ndiyo. Wiki nzima. Maporomoko ya maji.

Kompyuta yake ilikuwa na programu inayomsomea kwa sauti kila kilichoandikwa, naye huandika kwa vidole vyote kwa kasi ambayo sisi wenye macho tunaitafuta kwa tochi. Siku hiyo, saa sita mchana, ofisi moja inayoandika kumbukumbu za kesi ingemtumia kwa barua pepe rekodi ya mahakamani. Kazi yake ni kuisikiliza, kuiandika yote neno kwa neno, na kuirudisha kabla ya saa tisa. Majibu ni jioni hiyo hiyo. Akifaulu, ana ajira. Asipofaulu, kuna baba mkubwa.

Baba mkubwa si mtu mbaya, na hapo ndipo ugumu wa kupigana naye ulipo. Tangu baba afariki amejitwika kutulea, na nia yake njema ina mikono mirefu. Ana duka la vifaa vya ujenzi katika mji mwingine, na alishaamua kwamba dada akakae kwake, apokee simu dukani, "asihangaike". Alikuwa anakuja na gari siku hiyo hiyo kumchukua, isipokuwa kama kazi ingepatikana. Hilo Mama alimwomba, naye alikubali kwa kicheko, kama unavyomkubalia mtoto akisema akikua ataoa malaika.

Dada aliwahi kukaa kule. Alirudi amekonda, na si kwamba alinyimwa chakula. Chakula kilikuwa tele, ila aliyekuwa akiulizwa ni mtu mwingine. "Muulize kama anakula wali." "Mwambie asogee hapa." "Huyu amechoka, mpelekeni akalale." Mtu mwenye cheti cha chuo na ulimi wa kunyolea ndevu, akaishi miezi kadhaa kama kabati la vyombo, likihamishwa kwa uangalifu kutoka chumba hiki kwenda kile. Alituambia akirudi kule atakufa akiwa ameshiba.

"Mpigie huyo Amri wako," akasema sasa. "Aje na kila alichonacho. Na utoe huo mswaki, nausikia."

Nikapiga. "Njoo haraka, na uje na kompyuta yako, dada aitumie leo."

Upande wa pili nikasikia vitufe vikibonyezwa.

"Amri?"

"Kompyuta yangu ina hali," akasema. "Jana nilijaribu toleo jipya. Sasa hivi inaonyesha maandishi tu. Mengi. Mekundu."

"Na kwenye zile kompyuta za kukodi pale stendi?"

"Haziongei zile. Hata kuwaka zinawaka kwa kubembelezwa."

Kwa simu haiwezekani. Kuandika kesi nzima kwa simu ni sawa na kuhamisha kisima kwa kijiko. Ilibidi ile iliyokufa ifufuke, na ifufuke kabla ya saa sita.

Bwana Amri aliingia anahema, flashi zake zimetungwa kwenye pete ya chuma kiunoni kama funguo za mlinzi wa jela. Kila moja ina Linux yake, kila moja imefungwa kipande cha plasta chenye jina.

"Shikamoo, dada."

"Marahaba. Umekuja mbio?"

"Umejuaje?"

"Jasho lako limefika kabla yako. Fungua dirisha, Mdomo."

Bwana Amri hakucheka. Alishaketi mbele ya kompyuta, kachomeka ile flashi niliyoishindania mimi, kabonyeza kitufe cha kuwasha. Tukasikia feni ikianza kuzunguka. Akangoja. Akabonyeza kitufe cha kuongeza mwanga. Akangoja tena, kisha akainua uso wake na kunitazama, na rangi ya ule uso sikuipenda.

"Skrini hii huwa inawaka?"

Nikafikiri. Kila siku nilipita pale, na kila siku ile skrini ilikuwa nyeusi. Nilidhani amepunguza mwanga makusudi ili aokoe chaji. Yeye haoni, mwanga wa nini?

"Dada," nikasema polepole, "skrini yako haiwaki."

"Ahaa."

"Haiwaki kabisa. Imekufa."

"Itakuwa siku ile ilipoanguka, wakati tunahama nyumba."

"Tumehama mwaka juzi!"

"Ndiyo hiyo."

"Na hukusema?"

"Nani aliniuliza? Wewe umepita hapa muda wote huo na hayo macho yako mazuri."

Nikaipangusa skrini kwa kiwiko, kana kwamba tatizo ni vumbi.

Sasa elewa tulipokuwa. Kuweka mfumo mpya kwenye kompyuta ni kazi ya kujibu maswali: lugha gani, kibodi gani, diski ipi ifutwe. Maswali hayo yote huja kwenye skrini. Mafundi wawili wenye macho manne tulikuwa tumekaa mbele ya kipande cha plastiki cheusi, na kitu pekee tulichokiona humo ni nyuso zetu wenyewe, nazo hazikuwa na la kutusaidia.

Tulikimbilia televisheni. Niliiburuta kutoka sebuleni na meza yake na kitambaa chake, Mama akipiga kelele kutoka jikoni kwamba nikiivunja nihame nayo. Lakini kompyuta ya dada ni ya zamani, tundu lake la kupelekea picha ni pana, lina vishimo vingi. Televisheni ina tundu jembamba la kisasa. Kuyaunganisha hayo mawili bila kifaa cha katikati ni kumvalisha kobe soksi. Kifaa kinauzwa mjini. Kwenda na kurudi, saa sita itakuwa imeshapita na imeshasahaulika.

Bwana Amri akaanza kutembea. Akitembea hivyo flashi zake zinalia. Kli, kli, kli.

"Tulia," dada akamwambia. "Kaa. Sasa niambieni nyinyi mabingwa. Kati ya hizo Linux zote mlizozichagulia rangi, ipi inaongea?"

"Zote zinaongea, dada," Bwana Amri akasema. "Karibu zote zina programu ya kusoma. Unaingia kwenye menyu, unashuka pale kwenye—"

"Menyu ipi?"

Bwana Amri akaitazama ile skrini nyeusi.

"Mimi nauliza inayoongea tangu mlangoni. Kabla hujaingia ndani, kabla hujaona chochote. Mtu akigonga, iitikie."

Tukatazamana. Wiki nzima, na hilo swali halikuwahi kupita hata barabara ya nyuma ya vichwa vyetu. Kama hizo nyingine zilikuwa na njia yake, sisi hatukuijua, hatukuwahi kuitafuta. Nikatoa simu nikaanza kusaka, vidole vinateleza kwa jasho. Niliruka makala za rangi, nikaruka ugomvi wa watu kama sisi, hadi nikafika ukurasa mkavu usio na hata picha moja.

"Debian," nikasema. "Wanasema ukiiwasha kutoka kwenye flashi, menyu ikifika inapiga mlio. Ukisikia mlio bonyeza s, halafu Enter. Inaanza kuongea, na inaongea mpaka mwisho."

"Debian ni ya wazee," Bwana Amri akasema. Ilimtoka yenyewe, kama chafya. "Haina haraka ya kitu. Vitu vyake vingi ni vya mwaka juzi."

"Na hii kompyuta ni ya lini?" dada akamuuliza.

"Eeh... ya zamani zaidi."

"Basi wataelewana. Unayo?"

Bwana Amri akaigeuza ile pete yake, akazipita flashi zote hadi ya mwisho kabisa, ambayo plasta yake ilikuwa imechakaa kwa kushikwashikwa.

"Ninayo," akanong'ona. "Huwa naitumia kuokoa zile nyingine zikiharibika."

Ningecheka wiki nzima, kama wiki ningekuwa nayo. Ilikuwa imebaki chini ya saa moja na nusu.

Kizingiti cha kwanza ndicho kilichotutoa jasho. Ili kompyuta iwake kutoka kwenye flashi, ni lazima mara tu baada ya kuiwasha ubonyeze kitufe fulani, ichomoze orodha ndogo, nawe uchague flashi. Orodha hiyo haina sauti. Nikatafuta kwenye simu video ya mtu mwenye kompyuta kama ile ile, nikaitazama mpaka nikaona flashi inakaa mstari wa pili.

"Chini mara moja, Enter," nikamwambia Bwana Amri.

Akawasha. Akabonyeza kile kitufe mfululizo kama mtu anayegonga mlango huku mbwa anamfukuza. Chini. Enter. Tukangoja. Nilisikia saa ya ukutani, nikasikia maji ya Mama yakichemka jikoni.

Kimuziki cha kukaribisha wageni.

"Mfumo wa zamani," Bwana Amri akasema. "Imekwenda kwenye diski."

"Rudia," dada akasema.

Akarudia. Kimuziki.

"Huyo kwenye video," dada akauliza, "alikuwa amechomeka nini kingine?"

Nikaitazama tena. Hakuwa amechomeka kitu zaidi ya flashi. Sisi je? Nikazunguka meza. Ile flashi ya maporomoko ya maji ilikuwa bado imechomekwa upande wa pili, tangu mwanzo. Flashi zilikuwa mbili, kwa hiyo orodha yetu haikuwa sawa na ya kwenye video. Niliichomoa nikaitia mfukoni bila hotuba.

"Rudia."

Akawasha. Akabonyeza. Chini. Enter. Feni ikazunguka, ikatulia, ikazunguka tena.

Pii.

Kamlio kadogo, kama ndege aliyekanyagwa mguu. Bwana Amri alishtuka mpaka kiti kikarudi nyuma.

"S!" nikapiga kelele. "S! S, halafu Enter!"

"Nimesikia, sijafa!"

Akabonyeza. Kukawa kimya kirefu, kile cha kuanza kujilaumu. Kisha kwenye spika ikatoka sauti, ya Kiingereza, ya mwanaume aliyetengenezwa kwa bati na kumezeshwa nzi. Ilikuwa inataja orodha ya lugha, moja baada ya nyingine, bila haraka na bila huruma.

Sijawahi kusikia kitu kizuri kama kile.

"Ondokeni hapo," dada akasema.

Bwana Amri akanyanyuka, dada akaketi. Kuanzia hapo tukawa hatuna kazi. Yule mwanaume wa bati anauliza, anataja majibu kwa namba, dada anaandika namba, Enter. Alikuwa anamjibu kabla hajamaliza sentensi. Sisi tumesimama nyuma yake mikono imelegea, tukimuuliza, "Amesemaje? Amesemaje?" kama wazee kwenye televisheni ya mpira.

Kisha vidole vyake vikasimama.

"Anauliza diski. Anasema ziko mbili. Flashi yako, Amri, ina ukubwa gani?"

"Thelathini na mbili. Au... hapana, ni thelathini na mbili."

"Una uhakika au unanifurahisha?"

Bwana Amri akafumba macho, akafikiri. "Nina uhakika."

"Basi ile nyingine ndiyo yenyewe." Hakubonyeza. "Miaka yangu yote ya chuo iko humu ndani. Kazi zangu zote."

"Hukuzinakili popote?" nikauliza.

"Barua za maombi zipo kwenye barua pepe. Nyingine hazipo."

"Tunaweza kujaribu kuzitoa kwanza," Bwana Amri akasema. "Kuna njia, ni vile tu itachukua..." Akaitazama saa ya ukutani, na sentensi yake haikufika ilikokuwa inakwenda.

Yule wa bati alirudia swali lake. Hana mishipa yule. Unaweza kumweka mpaka kesho na atauliza kwa sauti ile ile. Dada akapitisha kidole ukingoni mwa kompyuta. Kisha akaandika namba, akapiga Enter, akathibitisha, akapiga tena Enter, na diski ikaanza kunguruma.

"Basi," akasema. "Nileteeni maji."

Kazi ikawa sasa ni ya mashine peke yake. Inatangaza asilimia, inanyamaza, inatangaza. Ilipokuwa imefika karibu nusu simu ya dada ikalia: barua pepe. Saa sita. Rekodi imefika, na wenzake, popote walipo, wameshaanza kuandika.

Dakika chache baadaye nikasikia gari nje. Ninaijua honi yake. Inapigwa mara mbili, ya pili ndefu, kama mtu anayepiga mhuri.

"Hodi, wa hapa!" baba mkubwa akaita mlangoni. Tukamwamkia wote. Akampa Mama mfuko wa matunda, akamshika bega Bwana Amri ambaye hamjui, akasimama juu ya dada na kutabasamu kwa mapenzi ya kweli kabisa.

"Yuko tayari?" akamuuliza Mama.

"Niko kwenye mtihani, baba mkubwa," dada akasema.

"Anasema yuko kwenye mtihani," baba mkubwa akamwambia Mama, ambaye alikuwa amesimama pale pale. "Haya. Nitamngoja. Mwambie asijichoshe."

Akakaa sebuleni mbele ya mahali palipokuwa na televisheni, akashangaa ukuta, akaletewa chai.

Ile mashine ikasema flashi itolewe. Nikachomoa. Ikazima. Ndipo nilipogundua kwamba hatukuwa na hakika kama ikiwaka tena itaendelea kuongea, au kama adabu ile ilikuwa ya mlangoni tu. Ikawaka. Feni. Kimya. Bwana Amri alikuwa amenishika kiwiko na kucha zake ni ndefu. Kimya bado. Nikaanza kutunga kichwani maneno ya kumwambia dada, na yote yalikuwa mabaya.

Sauti ya bati ikataja jina la dada, ikaomba neno la siri.

Hatukushangilia, muda wa kushangilia ulikuwa wake. Alivaa hedifoni, Bwana Amri akawasha intaneti ya simu yake na kwenda kusimama dirishani, ambako ndiko mtandao unakopatikana, mkono juu kama sanamu ya uhuru. Rekodi ikashuka. Dada alianza akiwa amechelewa zaidi ya saa nzima.

Nilivuta upande mmoja wa hedifoni kidogo ili nihakikishe anasikia. Mashine ilikuwa inamsomea Kiswahili kwa matamshi ya Kiingereza. "Mshtakiwa" ilitoka kama mtu anayepaliwa na mfupa.

"Kuna sauti ya Kiswahili humo ndani, ngoja tuitafu—"

"Toka," akasema. "Nitamwelewa hivi hivi, kama mgeni. Toka!"

Nikatoka. Akaandika. Sikujua kibodi inaweza kulia vile. Ilikuwa mvua juu ya mabati. Anasikiliza sentensi, anaizima, anaimimina, anaendelea. Mama aliacha kuosha vyombo ili maji yasipige kelele. Saa saba na nusu ikapita. Saa nane. Bwana Amri alibadilisha mkono.

Baba mkubwa akachoka na ukuta. Aliinuka na funguo za gari mkononi, akaja mezani kuona mtihani huo ni mtihani gani. Akamtazama dada. Akaitazama skrini. Akazunguka nyuma ya kiti ili aione vizuri.

"Hii si imezimwa?"

"Haijazimwa, baba mkubwa," nikasema. "Skrini tu ndiyo imekufa."

"Imezimwa. Nyeusi ti." Akanivuta pembeni, na aliponong'ona macho yake yalikuwa na maji. "Mwanangu, mnamfanyia nini huyu? Mnamkalisha mbele ya chombo kilichokufa, anagongagonga, nanyi mmesimama mnamtazama. Yeye haoni, hajui. Ni dhambi hiyo."

"Baba mkubwa, ninaapa inafanya kazi. Inaongea. Inaongea kwenye masikio yake."

"Mimi sisikii kitu."

"Kwa sababu ni hedifoni."

"Kijana." Sasa alikuwa amekasirika, kwa hasira ile ya upole inayotisha kuliko matusi. "Nilikuwa najua mtamdekeza. Sikujua mtamdanganya."

Akapiga hatua moja, akashika ukingo wa kifuniko cha kompyuta ili akifunge.

Kuna jambo moja nililijua na yeye hakulijua: kompyuta ile ikifungwa inalala, na mtandao unakatika, na kuiamsha bila kuona ni bahati nasibu. Ilikuwa saa nane na robo tatu. Na dada, masikio yamezibwa na mahakama, alikuwa anaandika bila kujua mkono wa nani uko wapi.

Nilikuwa na vichekesho vingi maishani mwangu. Hakuna hata kimoja kilichokuja. Nikaingiza mkono wangu katikati, juu ya kibodi, kifuniko kikashuka juu ya vidole vyangu. Dada akavigusa, akashtuka.

"Mkono wa nani huu?" Hakutoa hedifoni. "Utoe, nimebakiza hukumu!"

"Toa mkono, Mdomo," baba mkubwa akasema, naye anazidi kukandamiza.

"Siwezi, baba mkubwa. Nisamehe. Siwezi."

"Shemeji."

Alikuwa Mama, mlangoni mwa jikoni, kitambaa cha vyombo begani. Mama hajawahi kumkatalia baba mkubwa kitu. Hata chai asiyoipenda akiletewa naye huinywa. Sauti yake haikupanda.

"Shemeji, achia hicho kitu cha watu. Kaa. Mimi ndiye niliyemzaa, na mimi nasema anafanya kazi."

Baba mkubwa aliganda. Kisha vidole vyake vikalegea kimoja kimoja, na nilipouvuta mkono wangu vidole vilikuwa na mstari mwekundu kama pete. Akakaa kwenye kiti cha karibu, funguo mapajani, akamtazama mtoto wa mdogo wake akigongagonga chombo kilichokufa. Hakuamini. Lakini alikaa.

Dada aliandika mpaka sekunde za mwisho. Saa ya ukutani nilikuwa naitazama mimi, sikuthubutu kumsomea. Akasimama kidogo, akasikiliza, akarekebisha neno moja, akapiga vitufe vitatu vinne vya haraka. Akaegemea nyuma.

"Imekwenda?" Bwana Amri akauliza kutoka dirishani, mkono bado juu.

"Imekwenda. Lakini dakika mbili za mwisho sikuzirudia kusikiliza. Nimezituma zilivyo."

Bwana Amri akashusha mkono, akaukanda.

Baba mkubwa hakuondoka. Alisema wamesema jioni, basi na iwe jioni, asije akalaumiwa. Tulikula matunda yake. Jua likashuka kutoka dirishani hadi miguuni mwa meza, likatoka nje. Dada hakuinuka pale alipokaa. Alikuwa na hedifoni shingoni, mkono mmoja juu ya kibodi.

Ikasikika kengele ndogo, hafifu. Akavaa hedifoni.

Wote tukasogea. Ni mazoea mabaya tu. Wote wanne tulimwinamia mabegani na kuikodolea macho ile skrini nyeusi, hata baba mkubwa, kana kwamba leo ingetuhurumia. Haikuwa na kitu. Barua ilikuwa masikioni mwa dada peke yake, na uso wake ulikuwa umefungwa kama duka. Akasikiliza hadi mwisho. Akabonyeza mshale wa kurudi juu, akasikiliza tena.

"Dada," nikasema, "utatuua."

"Barua ndefu," akasema. "Wanasema nimekosea majina mawili ya mitaa. Na mwishoni nimemruka shahidi akikohoa. Kumbe kikohozi nacho kinaandikwa."

"Halafu?" Mama akauliza.

"Halafu wanauliza naweza kuanza siku gani." Akavuta kiti mbele. "Mnisamehe kidogo, mnaniziba hewa. Naandika jibu."